Mgombea apimwe kwa mikataba na madeni, si kwa sherehe alizofuta

KILA msimu wa uchaguzi mkuu unapowadia, wakulima wa Maneromango na Mzenga wilayani Kisarawe, pamoja na wafanyabiashara wadogo wa Mlandizi na Maili Moja huko Kibaha, husikia ahadi moja ikirudiwa majukwaani: Serikali ijayo itabana matumizi. Mgombea mmoja huahidi kufuta safari za nje, mwingine huahidi kuuza mashangingi, na wa tatu huapa kuwashughulikia mafisadi. Makofi hupigwa, magari ya kampeni huondoka na vumbi lake, na mwananchi hurudi shambani au kwenye meza yake ya biashara bila kuambiwa atumie kipimo gani kuipima ahadi aliyoisikia.

Kipimo kipo, nacho ni rekodi. Mtu anayeomba kukabidhiwa funguo za Hazina mara nyingi amewahi kukabidhiwa funguo za wizara au taasisi, na alivyozitumia huko ndivyo atakavyotazamiwa kuzitumia Ikulu. Tatizo ni kwamba rekodi hizo hazisomwi kwa uangalifu. Wapiga kura wengi hukumbuka tukio moja lililovuma redioni na kusahau mikataba ambayo fedha zake zinaendelea kulipwa miaka mingi baadaye.

Uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 ni mfano mzuri wa kujifunzia. Wagombea wawili waliokuwa na nguvu kuliko wengine, John Magufuli wa CCM na Edward Lowassa aliyesimamishwa na Chadema kwa niaba ya vyama vya Ukawa, wote walikuwa wameongoza wizara zenye fungu kubwa la fedha. Magufuli alipata asilimia 58.46 ya kura na Lowassa asilimia 39.97. Wote wawili sasa ni marehemu. Magufuli alifariki dunia Machi 2021 na Lowassa Februari 2024. Kwa hiyo rekodi zao zinaweza kujadiliwa bila ushabiki, kama mkulima anavyopitia daftari la msimu uliokwisha kabla ya kuandaa shamba la msimu ujao.

Ikumbukwe pia hali ya fedha ilivyokuwa wakati huo. Mwaka 2014 wahisani walizuia sehemu ya misaada ya bajeti kutokana na sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, na makandarasi wengi walikuwa wakiidai Serikali. Suala la nani angeweza kudhibiti fedha za umma halikuwa la wasomi peke yao. Lilimgusa mwenye lori lililokodiwa kubeba kokoto na halijalipwa, na liligusa zahanati iliyosubiri dawa kutoka Bohari ya Dawa.

Lowassa: maji ya Ruvu na umeme wa dharura

Lowassa alikuwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, kisha Waziri Mkuu hadi Februari 2008. Katika wizara ya maji, sifa yake kubwa ni mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Kahama na Shinyanga, ambao Serikali iliamua kuugharimia kwa fedha zake yenyewe badala ya kusubiri wafadhili. Huo ni uamuzi wa matumizi makubwa, lakini ni matumizi yaliyoacha kitu kinachoonekana na kutumika.

Jambo la pili linaihusu Kibaha moja kwa moja. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilipewa kazi ya kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam na maeneo ya Pwani yanayohudumiwa na mitambo ya Ruvu Juu, iliyopo Mlandizi, na Ruvu Chini. Huduma haikuboreka kama ilivyoahidiwa, na Mei 2005 Lowassa alitangaza kuvunjwa kwa mkataba huo. Wengi walionya kuwa Serikali ingelipishwa fidia kubwa. Mwaka 2008 jopo moja la usuluhishi liliiamuru City Water kuilipa DAWASA pauni milioni tatu. Jopo jingine, lililo chini ya Benki ya Dunia, lilisema Serikali ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyoiondoa kampuni hiyo, lakini halikuitoza fidia. Kwa ufupi, Serikali ilinusurika. Funzo lililobaki ni kuwa mkataba mbovu una gharama hata pale mwananchi anaposhinda kesi.

Upande wa pili wa daftari una Richmond. Ukame wa mwaka 2006 ulileta mgawo mkali wa umeme, na TANESCO iliingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ambayo baadaye Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisema haikuwa na uwezo. Mkataba ulihamishiwa kwa Dowans, na malipo yake yalitajwa bungeni kuwa Sh milioni 152 kwa siku. Lowassa alijiuzulu Februari 7, 2008. Siku zote alikana kunufaika na mkataba huo, na hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa ajili yake. Hata hivyo, Novemba 2010 mahakama ya kimataifa ya usuluhishi iliamuru Dowans ilipwe takriban Sh bilioni 94. Fedha hizo hazikutafutwa kwa mtu mmoja. Zilitafutwa kwa shirika ambalo mwenye mashine ya kusaga Mlandizi hununua umeme wake.

Magufuli: barabara, mizani na nyumba za Serikali

Magufuli alikaa Wizara ya Ujenzi kwa vipindi viwili akiwa waziri, 2000 hadi 2005 na 2010 hadi 2015. Alijulikana kwa kutaja kilomita za lami kwa kichwa na kwa kuwabana makandarasi waliochelewesha kazi. Wakazi wa Kibaha wanamkumbuka zaidi kwa mizani. Oktoba 2013 aliamua kuondoa msamaha wa asilimia tano uliokuwa ukitolewa kwa malori yaliyozidisha uzito. Wenye malori waligoma, foleni ikajaa Kibaha, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaingilia kati na kusitisha hatua hiyo.

Kiuchumi, hoja ya Magufuli ilikuwa na msingi. Lori linalozidisha uzito huharibu lami haraka, na anayelipia ukarabati ni mwananchi kupitia tozo ya mafuta, akiwamo mwenye bodaboda ambaye hajawahi kubeba tani moja. Lakini jinsi uamuzi ulivyochukuliwa, kwa ghafla na bila maandalizi, ilionyesha tabia ambayo ingejitokeza tena baadaye. Nia ya kuokoa fedha za umma ilikuwapo, ila gharama ya ghafla ilimwangukia mtu aliyekuwa barabarani na mzigo unaooza.

Katika kipindi chake cha kwanza wizarani, Serikali ya Awamu ya Tatu iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi. Ulikuwa uamuzi wa Serikali nzima, lakini wizara iliyoutekeleza ilikuwa yake. Wakosoaji walisema nyumba nyingi ziliuzwa kwa bei ya chini, na kwamba Serikali ililazimika baadaye kutafutia viongozi wapya makazi mengine. Hilo nalo ni sehemu ya rekodi ya matumizi, kwa sababu mwenye kuuza ng'ombe wa maziwa ili anunue maziwa dukani hawezi kusema amebana matumizi.

Baada ya kura kuhesabiwa

Lowassa hakupata nafasi ya kutawala, hivyo si haki kudai angefanya vizuri au vibaya zaidi. Magufuli alipata, na miezi yake ya kwanza ilishangaza. Alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 na kuelekeza Sh bilioni nne kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge. Alizuia safari za nje zisizo na kibali na kupunguza semina na makongamano. Serikali ilisaka wafanyakazi hewa, na Aprili 2017 ilitangaza majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kuanzia Januari 2016 ada na michango ilifutwa katika shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, na Hazina ikawa inapeleka zaidi ya Sh bilioni 18 kila mwezi mashuleni.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo kulikuwa pia na nafuu ya kweli. Bajeti ya 2017/18 ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia tano hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na asilimia mbili kwa mazao ya chakula, na kuwaondolea ushuru wanaosafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mama anayetoa magunia ya mihogo Kisarawe kuyapeleka Dar es Salaam aliliona hilo kwenye kizuizi cha ushuru, si kwenye hotuba.

Lakini daftari lina kurasa nyingine. Wakati wa kampeni, kila kijiji kiliahidiwa Sh milioni 50. Hesabu yake ni rahisi. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, hivyo ahadi hiyo ilihitaji zaidi ya Sh bilioni 600. Mpaka Magufuli anafariki dunia, fedha hizo hazikuwa zimegawiwa vijijini kama ilivyoahidiwa. Mwananchi ambaye angefanya hesabu hiyo mwaka 2015 angeuliza mapema fedha zingetoka wapi, na angekatwa nini ili zipatikane.

Ukurasa wa korosho ni mchungu zaidi kwa Pwani. Sheria ilikuwa ikitenga asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje ghafi kwa ajili ya kuendeleza zao hilo, zikiwamo pembejeo kama salfa. Katikati ya mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, na ushuru wote ukapelekwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa mikoa inayolima korosho walipinga bila mafanikio. Kwa mtu wa Hazina, huo ulikuwa udhibiti wa fedha. Kwa mwenye mikorosho, ilikuwa ni kunyang'anywa mbegu ya kesho.

Novemba mwaka huohuo wanunuzi walipotoa bei ya chini, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na kuwatumia askari wa JWTZ kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ulichukua muda, malipo yalichelewa, na waliodhaniwa kununua kwa kangomba walizuiwa. Uzalishaji uliokuwa umefikia tani zaidi ya 313,000 msimu wa 2017/18 ulishuka msimu uliofuata. Miaka ya baadaye Serikali ilirejea kugawa pembejeo za korosho kwa ruzuku. Fedha ambayo ilionekana kuokolewa ililazimika kutolewa tena.

Kuna pia gharama ambayo haikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Upanuzi wa barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ulijengwa kwa fedha za ndani na umepunguza foleni kwa kiasi kikubwa. Lakini mwaka 2017 nyumba na maduka mengi yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara yalibomolewa bila fidia. Serikali iliokoa fedha, na mwenye duka akapoteza mtaji. Matumizi hayakupungua hapo. Yalihamishwa kutoka mfuko wa Hazina kwenda mfuko wa raia.

Jicho la mkaguzi

Kipimo kikubwa kuliko vyote cha udhibiti wa matumizi ni jinsi kiongozi anavyomtendea anayemkagua. Januari 2016 Serikali ilitangaza kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia televisheni ya taifa, ikisema yanagharimu Sh bilioni 4.2 kwa mwaka. Ilielezwa kuwa ni kubana matumizi. Ukweli ni kwamba wananchi walipoteza dirisha la kuona wabunge wao wakihoji matumizi ya matrilioni.

Aprili 2018 ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, ilizua mjadala wa Sh trilioni 1.5 ambazo matumizi yake hayakuonekana wazi kwenye hesabu. Serikali ilitoa maelezo kuwa ni suala la kihasibu. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi na Profesa Assad, na Novemba mwaka huo akaondolewa. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Kiongozi anayefukuza wafanyakazi hewa lakini hamvumilii mkaguzi ni sawa na mwenye ghala anayefukuza panya huku akivunja taa.

Upande wa madeni, deni la Serikali lilikuwa zaidi ya Sh trilioni 33 Juni 2015, likafika zaidi ya Sh trilioni 56 Juni 2020. Kwa mujibu wa CAG, Juni 2024, katika Serikali ya Awamu ya Sita ya Rais Samia Suluhu Hassan, lilikuwa zaidi ya Sh trilioni 97. Sehemu ya fedha hizo inaonekana: reli ya kisasa inayopita Soga na Ruvu mkoani Pwani ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limejengwa katika Mto Rufiji. Deni lenyewe si dhambi. Mkulima anayekopa kununua miche ya minanasi hatendi kosa, kosa ni kukopa kwa ajili ya ngoma. Lakini hata mkopo mzuri hulipwa, na riba hutangulia kabla ya mbolea.

Ndiyo maana hata sifa za sasa zinapaswa kusomwa kwa kalamu mkononi. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 954 mwaka 2022/23, na Agosti 2022 ilizinduliwa ruzuku ya mbolea iliyotengewa Sh bilioni 150. Huo ni ushindi kwa mkulima. Wakati huohuo, Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, ambayo baada ya malalamiko ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo na kuendelea kupunguzwa. Mwenye genge Maili Moja anapaswa kuziweka zote mbili kwenye mizani moja: kilichoingia kwa mkono wa kulia na kilichotoka kwa mkono wa kushoto. Vilevile akumbuke kuwa fedha kuidhinishwa bungeni ni jambo moja, na kutolewa na Hazina ni jambo jingine.

Maswali ya kumuuliza mgombea

Kutokana na rekodi hizo, mpiga kura hana sababu ya kuridhika na ahadi ya kufuta sherehe. Sh bilioni nne za sherehe ya Uhuru ni fedha nyingi kwa kijiji, lakini kwa malipo ya Dowans ya Sh milioni 152 kwa siku, zingekwisha ndani ya siku 27. Hapo ndipo palipo na tofauti kati ya kubana matumizi kwa macho na kubana matumizi kwa hesabu.

Mgombea aulizwe, kwanza, ni mikataba ipi mikubwa iliyopita mikononi mwake, na je, ilifuata zabuni? Pili, aliacha madeni kiasi gani alipoondoka wizarani, na nani alichelewa kulipwa? Tatu, alipokata fungu fulani, gharama ilikwisha au ilihamia kwa mkulima? Nne, alifanya nini ripoti ya mkaguzi ilipomgusa? Tano, ahadi zake zinagharimu shilingi ngapi, na chanzo ni kipi?

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umepita na mwingine wa urais uko mbali, lakini mazoezi ya kuuliza hayahitaji kusubiri. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mwanakijiji wa Maneromango ambaye hajawahi kumdai mtendaji wake taarifa ya fedha za mnada na ushuru hatakuwa na ujasiri wa kumdai rais taarifa ya reli. Kadhalika, kikundi cha wanawake au vijana wa Mlandizi kinachosubiri mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri kina haki ya kumuuliza diwani ni kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitolewa na kiasi gani kimerejeshwa.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima wa Kisarawe analijua hilo kwa mihogo yake, na mfanyabiashara wa Kibaha analijua kwa duka lake. Kinachobaki ni kulitumia daftari hilohilo kwa kila anayekuja kuomba funguo za Hazina, kabla ya kumkabidhi.